Nyumba ya wapangaji Magomeni: Pango la leo ndilo liwe kipimo cha bei

Wenye akiba jijini Dar es Salaam wana mazoea ya miaka mingi ya kuzigeuza fedha zao kuwa matofali. Mfanyabiashara wa Kariakoo akifunga mwaka vizuri, na mstaafu akipokea kiinua mgongo chake, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika kwenye kiwanja au nyumba. Siku hizi wengi hawataki tena kwenda kuanza pori mbali na mji. Wanatafuta jengo lililokwisha simama katikati ya mji, lenye wapangaji ndani, ambalo litawapa kitu mfukoni tangu mwezi wa kwanza.

Magomeni ni kati ya mitaa inayotajwa sana katika utafutaji huo. Madalali wa hapo wana usemi mmoja kwa kila mteja: "Bosi, hii kesho huikuti." Huenda dalali anasema kweli. Lakini nyumba kununuliwa haraka na nyumba kumlipa mnunuzi ni mambo mawili tofauti, na wapo walionunua mtaa unaopanda thamani huku mapato yao yakibaki palepale.

Mtaa uliobadilika

Magomeni ilipimwa na Serikali ya kikoloni miaka ya 1950 kuwa makazi ya Waafrika. Viwanja vilikatwa kwa mstari na mitaa ikanyooka. Juu yake zikajengwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na jiko, na mbele baraza. Mwalimu Nyerere alijenga nyumba yake hapo baada ya kuacha ualimu Pugu, na nyumba hiyo sasa ni makumbusho.

Kwa miongo mingi nyumba hizo zilikuwa za chumba kimoja kimoja, familia sita hadi kumi chini ya paa moja. Mambo yalianza kubadilika kwa kasi Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya Gerezani na Morocco. Tawi la Morocco linaachana na Barabara ya Morogoro hapo hapo Magomeni. Mtu anayefanya kazi Posta, mwenye duka Kariakoo na mwenye shughuli Kinondoni wote wanaweza kuishi Magomeni na kufika kazini kwa basi moja.

Badiliko la pili ni Magomeni Kota. Wakazi wa nyumba za zamani za Serikali walihamishwa, nyumba zikabomolewa, na eneo likakaa wazi kwa miaka. Machi 2022 maghorofa mapya yenye nyumba 656 yalizinduliwa, na kaya 644 za wakazi wa zamani zikapewa nafasi ya kurudi. Tangu hapo mwenye nyumba ya vyumba sita anayeiona Kota kutoka barazani kwake hatajii tena bei ya nyumba ya vyumba sita. Anataja bei ya kiwanja cha ghorofa.

Kinachouzwa hasa

Mnunuzi wa Magomeni au Kinondoni hukutana na bidhaa za aina mbili.

Ya kwanza ni nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita mbele, vyumba vingine vitatu au vinne uani, na pengine fremu mbili za duka zilizotobolewa kwenye ukuta wa barabarani. Hapa mnunuzi analipia kiwanja. Nyumba yenyewe ni nyongeza ya kumfanya apate vijisenti huku akijipanga kujenga.

Ya pili ni ghorofa dogo lililokwisha jengwa: sakafu tatu au nne, nyumba za vyumba viwili viwili vyenye choo na jiko ndani, na fremu chini. Hili lina wapangaji wenye mishahara au biashara, nalo ndilo linalowavuta wawekezaji wadogo wanaochanga fedha wawili au watatu. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 imeongeza mvuto wake, kwa kuwa jengo lililokamilishiwa taratibu zake linaweza kugawanywa na kila nyumba ikapata hati yake. Mwenye jengo akibanwa anaweza kuuza nyumba moja badala ya jengo zima.

Bidhaa zote mbili zinahitaji hesabu moja, na hesabu hiyo ndiyo hurukwa mara nyingi.

Hesabu ya jengo la nyumba sita

Chukua mfano wa jengo la sakafu tatu lenye nyumba sita na fremu mbili. Takwimu hizi ni za kuonyesha njia tu. Mnunuzi aweke za kwake. Bei inayotajwa ni shilingi milioni 650. Kila nyumba inapangishwa kwa shilingi 450,000 kwa mwezi na kila fremu kwa shilingi 300,000. Mapato ya mwezi ni shilingi 3,300,000, na kwa mwaka ni shilingi 39,600,000. Dalali ataishia hapo, naye ana haki, kwa sababu yeye halipi fundi bomba.

Mnunuzi aendelee kutoa. Jengo halijai mwaka mzima. Wapangaji wanahama, rangi inapakwa, wiki zinapita. Akitenga mwezi mmoja wa kukaa tupu, shilingi 3,300,000 zinaondoka. Ukarabati wa mabomba, paa, pampu ya maji na rangi, kwa asilimia 10 ya mapato, ni shilingi 3,960,000. Mlinzi na usafi kwa shilingi 300,000 kwa mwezi ni shilingi 3,600,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 juu ya pango linalopokewa ni shilingi 3,630,000. Kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, kwa viwango vilivyopandishwa Julai 2023 ni shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu; kwa sakafu tatu ni shilingi 270,000.

Jumla ya makato ni shilingi 14,760,000. Kinachobaki ni shilingi 24,840,000. Ukigawa kwa bei ya milioni 650, fedha iliyowekwa inazaa asilimia 3.8 kwa mwaka.

Mtu huyo huyo angeweza kupeleka fedha zake kwenye hatifungani za Serikali, ambako hata mwenye shilingi milioni 1 anapokelewa. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Mwaka 2022 Benki Kuu iliishusha hadi asilimia 12.56. Hata kwa kiwango hicho cha chini, milioni 650 zingezaa zaidi ya shilingi milioni 81 kwa mwaka, bila mpangaji kupiga simu usiku kwamba maji yamekatika.

Mwenye kutetea nyumba atajibu kwamba ardhi inapanda bei na hatifungani haipandi. Jibu hilo ni sahihi, ila lina kipimo chake. Tofauti kati ya milioni 81 na milioni 24 ni karibu milioni 57, ambayo ni takriban asilimia 9 ya bei ya jengo. Kwa hiyo jengo hili linatakiwa kupanda thamani kwa karibu asilimia 9 kila mwaka ili tu kufikia ile hatifungani. Mwaka ambao halikupanda, mwenye jengo amepungukiwa hata kama hajui.

Kipimo cha bei basi kianzie kwenye shilingi milioni 24.8 zinazobaki. Anayetosheka na pato la asilimia 6, huku akingoja ardhi impe nyongeza, mwisho wake wa bei ni karibu milioni 414. Anayetaka asilimia 8 asivuke milioni 310. Kati ya hapo na milioni 650 za muuzaji ndipo penye maelewano, na mara nyingine hapafikiki. Kuondoka mezani hakumgharimu mtu zaidi ya hela ya usumbufu aliyokwisha mpa dalali kwa kuonyeshwa nyumba.

Mkopo unapoingia

Hatari inaongezeka mnunuzi anapokopa. Mikopo ya nyumba ilipata nguvu baada ya sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba, na baadaye kampuni ya TMRC iliyoundwa kuyapa mabenki fedha za muda mrefu. Hata hivyo riba bado ni mzigo.

Kwa jengo lile lile, mnunuzi akikopa nusu ya bei, milioni 325, kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni karibu milioni 49. Jengo linaleta milioni 24.8. Upungufu wa milioni 24 utatoka dukani kwake, na hapo hajaanza kurudisha mkopo wenyewe. Biashara moja inakuwa inalisha nyingine. Duka likiyumba vyote viwili vinayumba, na benki ndiyo inayoshika hati.

Kwa riba hiyo, pango lote la jengo linatosha kulipa riba ya mkopo wa milioni 165, yaani robo ya bei. Anayekopa zaidi ya hapo ajue kwamba anategemea pango lipande au bei ipande, na aseme hivyo waziwazi kwa mkewe au mumewe na kwa washirika wake kabla ya kutia saini.

Pango lililokwisha liwa

Kuna mtego mwingine ambao haumo kwenye makaratasi ya hesabu. Dar es Salaam pango hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Muuzaji anayejua kwamba anauza hukusanya mapema. Mnunuzi anakabidhiwa funguo mwezi Machi, anabisha hodi kwa mpangaji, naye mpangaji anamwonyesha stakabadhi: amelipa hadi Desemba.

Mpangaji huyo hana kosa. Mkataba wake haufi kwa sababu nyumba imeuzwa, na mnunuzi huichukua nyumba pamoja na mikataba iliyomo. Kama kwa wastani wapangaji wa jengo la mfano wamelipa miezi mitano mbele, shilingi 16,500,000 zimo mfukoni mwa muuzaji na mnunuzi atakaa miezi mitano akilipa mlinzi bila kupokea senti.

Dawa yake ni rahisi ikitumika mapema. Kabla ya bei kukubaliwa, mnunuzi aombe nakala ya kila mkataba na kila stakabadhi, kisha azungumze na kila mpangaji, akiwa na muuzaji, kuhusu mambo matatu: analipa kiasi gani, amelipa hadi lini, na ana ahadi gani. Miezi iliyokwisha lipwa ipunguzwe kwenye bei na iandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Mazungumzo hayo hufichua mengine pia. Mpangaji wa fremu anaweza kusema ameweka milango ya chuma kwa fedha zake na akaahidiwa kukatwa kwenye pango. Mwingine ni mpwa wa mwenye nyumba, halipi chochote, ila kwenye orodha ya dalali yumo kwa shilingi 450,000.

Mikataba ya pango inayotaja dola nayo iangaliwe. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mnunuzi asikubali bei ya jengo iliyopigwa kwa matumaini ya pango la dola.

Hati na ndugu

Nyumba nyingi za Magomeni zimo mikononi mwa kizazi cha pili au cha tatu. Mzee aliyejenga amefariki, watoto ni saba, mmoja yuko Tanga, mmoja Muscat, na anayeuza ni yule anayeishi ndani. Mnunuzi asikubali neno la "ndugu zangu wote wanajua". Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mnunuzi aione hati ya uteuzi huo, kisha awatafute warithi na kupata ridhaa yao kwa maandishi. Bei nzuri ya nyumba yenye ugomvi wa mirathi hugeuka kuwa gharama za wakili kwa miaka.

Kama muuzaji ana ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 katika kifungu cha 59 inamkataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi wake. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi.

Baada ya hapo ni upekuzi katika Ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi unaonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Hati nyingi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo mnunuzi ahesabu imebaki mingapi. Katika mitaa jirani isiyopimwa, kama Tandale na Manzese, atakutana na leseni ya makazi, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haizidi miaka mitano kwa kila utoaji. Leseni si hati, na bei yake isilingane na ya hati. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha kuwa watu walikutana ofisini hapo. Hauhamishi umiliki uliosajiliwa.

Gharama za uhamisho ziwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, lakini bila uthibitisho wa TRA kuwa imelipwa uhamisho hausajiliwi, na ndipo muuzaji aliyekwisha tumia fedha anapomgeukia mnunuzi. Sehemu ya bei ibaki kwa wakili hadi uthibitisho huo upatikane.

Jengo lenyewe

Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, ghorofa lililokuwa na biashara likaanguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Anayenunua ghorofa dogo lililojengwa kwa awamu, sakafu moja kila mwenye nyumba alipopata fedha, ana sababu ya kuuliza msingi ulipigwa wa sakafu ngapi. Aombe kibali cha ujenzi na michoro, na amlipe mhandisi aliyesajiliwa akague nguzo na boriti. Ikiwa kibali ni cha sakafu mbili na jengo lina nne, hilo si jambo la kupunguziwa bei. Ni jambo la kuondoka.

Mengine ni ya kila siku. Je, kila nyumba ina mita yake ya LUKU, au wapangaji sita wanachangia moja na kugombana kila mwisho wa wiki? Maji ya DAWASA yanapanda hadi tangi la juu, au yanasukumwa kwa pampu? Karo linajaa kila baada ya muda gani, na gari la maji taka linapita wapi? Upande unaoteremka kuelekea Jangwani, mnunuzi aende mara moja wakati wa masika akaone maji yanaishia wapi. Mafuriko ya bonde la Msimbazi ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na bonde hilo limefurika tena mara kadhaa tangu hapo.

Mpaka wa barabara nao usisahauliwe. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya ziliwekwa alama ya X na kubomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Fremu iliyo barabarani kabisa ndiyo inayolipa vizuri, na ndiyo ya kwanza kuguswa barabara ikipanuliwa.

Wapangaji wa zamani

Suala gumu kuliko yote linahusu watu. Mnunuzi wa nyumba ya Kiswahili mara nyingi amewekewa hesabu hii: toa wapangaji wa vyumba, piga rangi, pandisha pango mara mbili. Tangu Sheria ya Kudhibiti Pango ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, pango limekuwa la makubaliano, na mkataba ukiisha mwenye nyumba ana nafasi ya kupanga bei mpya. Sheria basi haimfungi sana. Soko ndilo linalomfunga.

Mama anayeuza chapati barazani na amekaa chumba hicho miaka 15 hulipa kwa wakati, kwa sababu wateja wake wako hapo na hana pa kwenda. Ndiye anayejua bomba gani linavuja, na ndiye anayemwona mwizi akipita uani. Akitolewa, chumba chake kinaweza kukaa tupu miezi mitatu kikingoja mpangaji wa bei mpya, na mpangaji huyo akija ataangalia choo cha pamoja uani na kuondoka. Pango la juu linataka nyumba ya aina nyingine, na nyumba ya aina nyingine inataka fedha za kujenga. Asiye na fedha hizo akiwafukuza wapangaji wa zamani anakuwa amefukuza mapato yake mwenyewe.

Wapo wenye nyumba wanaopandisha kidogo kila mkataba unapoisha, wakitoa notisi mapema na kurekebisha kitu kimoja kinachoonekana: choo, taa ya uani, tangi la maji. Vyumba vyao havikai tupu. Siku wakiamua kubomoa na kujenga huwapa wapangaji muda, na wengine huwarudishia wenye fremu nafasi ya kwanza kwenye jengo jipya. Fremu inayojaa kabla ya lipu kukauka ni fedha.

Nani anunue

Kwa hesabu zilizoonyeshwa, jengo la wapangaji katika mtaa unaopanda linamfaa mwenye fedha taslimu au mkopo mdogo, anayeweza kukaa nalo miaka 10 bila kulazimika kuuza. Linamfaa pia anayeishi ndani yake mwenyewe, kwa kuwa anaokoa pango lake, mlinzi na usimamizi kwa pamoja. Halimfai anayekopa nusu ya bei akitegemea Magomeni ya miaka mitano ijayo imlipie deni la mwaka huu.

Mtaa unaweza kupanda kweli. Hilo likitokea ni la kushukuru, na lihesabiwe kuwa nyongeza. Bei ya kukubali leo ni ile inayobebwa na pango linalolipwa leo, na wapangaji waliomo leo, kwa hati iliyopekuliwa leo. Dalali akisema kesho hutaikuta, mnunuzi amjibu kwa upole kwamba kesho itakuwepo nyingine, kisha arudi kwenye hesabu yake.